Mama anapouzuru mji wa almasi

  Katika ukurasa huu tumezoea kuongea habari za homa za watoto, chanjo, lishe na uzazi. Mwezi huu naomba tufunge kidogo kabati la dawa, tujifunge khanga, tutoke safari. Twende Afrika Kusini, kwenye mji wa Kimberley, mji ulioipa dunia almasi.

Najua wapo watakaoguna. Mtasema safari ni mambo ya wenye fedha, sisi tuna ada za shule na bei ya unga. Ni kweli. Lakini siku hizi akina mama wengi wanafika kusini kwa sababu mbalimbali: mkutano wa kanisa, mtoto anayesoma huko, mume au ndugu aliyepata kazi, au mgonjwa wa kusindikizwa. Mtu akishafika, siku mbili au tatu za kutembea si anasa. Na yule asiyekwenda naye ana haki ya kusimuliwa, awasimulie watoto wake.

Mimi nilikwenda na akina mama wenzangu watano, tukitokea Bloemfontein kwenye mkutano. Kutoka huko hadi Kimberley ni kilomita 165 hivi. Ukitokea Johannesburg ni mwendo wa kilomita 475 au zaidi kidogo, yaani siku nzima ya basi ukihesabu na mapumziko. Kimberley ndiyo makao makuu ya jimbo la Northern Cape. Nchi yenyewe ni kavu na tambarare, yenye miti ya miiba na mbingu pana. Ukiwa barabarani huwezi kudhani kwamba mbele kuna mji uliowahi kuvuta watu kutoka pande zote za dunia.

Jambo moja naomba tulishike tangu mwanzo. Mama wa nyumba akiona sufuria mpya jikoni haulizi tu kama ni nzuri. Anauliza imenunuliwa kwa shilingi ngapi, na fedha hiyo imetoka wapi. Basi tuuzuru mji huu kwa jicho hilohilo.

SHIMO KUBWA

Kitu cha kwanza kila mgeni anachopelekwa kuona ni Shimo Kubwa, ambalo wenyeji huliita Big Hole. Zamani hapo palikuwa na kilima kidogo. Mwaka 1871 almasi zilipatikana juu yake, na habari ikaenea kama moto wa nyasi kavu. Kwa muda mfupi maelfu ya watu walijaa na mahema yao, kila mmoja akidai kipande chake cha kuchimba. Kilima kikaliwa chote, wakaendelea kwenda chini. Mwaka 1873 kambi hiyo ikapewa jina la Kimberley, kwa heshima ya bwana mkubwa wa Uingereza aliyekuwa waziri wa makoloni.

Kutoka mwaka 1871 hadi Agosti 1914 walitoa udongo na mawe yapatayo tani milioni 22.5. Ndani ya mzigo wote huo walipata almasi zenye uzito wa kilo 2,720 hivi. Hebu wenzangu mpige hesabu. Ni kama kuchambua gunia kwa gunia za mchele, mwaka hadi mwaka, ukitafuta punje moja. Shimo lina upana wa mita 460 hivi, na mzunguko wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Sehemu kubwa lilichimbwa kwa sululu na sepetu, udongo ukivutwa juu kwa ndoo na kamba. Baadaye walichimba njia za chini kwa chini hadi kina cha zaidi ya mita 1,000.

Leo maji ya kijani yamekaa chini ya shimo, na juu yake limejengwa jukwaa la chuma la kutazamia. Nilisimama pale nikashika ukingo kwa mikono miwili. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, alitazama chini, akatikisa kichwa, akasema, "Jamani, watoto wa watu." Hakuongeza neno, na wala hakukuwa na haja.

Pembeni ya shimo yamehifadhiwa majengo ya zamani ya mji, yakiwemo maduka, nyumba za wachimbaji na kanisa la Kilutheri la Wajerumani la mwaka 1875. Watoto wanapapenda sana. Huko pia utaelezwa kwamba mwaka 1882 Kimberley ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuwasha taa za umeme barabarani, wakati miji mingi ya Ulaya ingali ikitumia taa za gesi.

Kuna jambo litakalowagusa Watanzania. Mwamba unaobeba almasi unaitwa kimbalaiti, na jina hilo limetokana na mji huu. Mwamba wa namna hiyohiyo ndio uliopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Kwa hiyo anayetoka Usukuma akifika pale si mgeni kabisa. Jiwe la kwao limepewa jina huko.

WALIOCHIMBA WALIISHIJE?

Mwaka 1888 Cecil Rhodes na wenzake waliunganisha migodi chini ya kampuni ya De Beers. Utajiri ulikuwa mkubwa ajabu. Lakini waliokuwa chini ya shimo, wengi wao Waafrika, waliishi maisha mengine.

Kuanzia mwaka 1885 wafanyakazi Waafrika walifungiwa katika kambi zenye kuta na nyavu juu, wasitoke mpaka mkataba wao wa miezi kadhaa uishe. Walilala humo, walikula humo, walinunua mahitaji yao humohumo. Mkataba ukiisha hawakuachiwa waende zao. Walivuliwa nguo, wakawekwa chumbani siku kadhaa, wakanyweshwa dawa ya kuharisha, ili ionekane kama wamemeza almasi. Mtu mzima, baba wa watoto, mwenye heshima yake kijijini.

Wazee wetu wa mashamba ya mkonge walijua maisha ya manamba. Na bibi zetu wa Rungwe na Njombe walilijua neno Wenela, lile shirika lililokuwa likichukua vijana wa Tanganyika kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Walijua kungoja barua, kulima peke yao, na kumpokea mume aliyerudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Ndiyo maana nasema Shimo Kubwa halikuchimbwa na wanaume peke yao. Kila sululu iliyopigwa pale, kulikuwa na mwanamke mahali fulani aliyebeba kazi ya mume asiyekuwepo.

UGONJWA ULIOKATALIWA JINA

Sasa nifikie habari iliyonikaa moyoni kuliko zote, maana inahusu kazi yangu.

Mwaka 1883 ndui iliingia katika eneo la Kimberley. Daktari mmoja, Hans Sauer, alisema wazi kwamba hii ni ndui, watu watengwe na wachanjwe. Lakini kundi la madaktari wengine, akiwemo Leander Starr Jameson, rafiki mkubwa wa Rhodes, lilikataa. Walisema si ndui, ni ugonjwa tu wa malengelenge ya ngozi. Kwa nini? Kwa sababu ikitangazwa ndui, wafanyakazi wangekimbia, waliokuwa wakileta kuni na vyakula wangeogopa kuingia mjini, na migodi ingeweza kufungwa.

Basi ugonjwa ukapewa jina jingine ili kazi iendelee. Lakini akina mama, ugonjwa hausomi cheti. Uliendelea kuambukiza huku wakubwa wakibishana. Mpaka ulipokubaliwa na kudhibitiwa, watu wapatao 700 walikuwa wamekufa, wengi wao Waafrika. Na chanjo ya ndui ilikuwa inajulikana tangu karibu miaka 90 nyuma yake! Waliokufa hawakukosa dawa isiyojulikana. Walikosa ukweli uliosemwa mapema.

Mji huo ulipigwa tena mwaka 1918, mafua makali yalipozunguka dunia nzima. Katika wiki chache tu zaidi ya watu 4,000 walikufa Kimberley, mji ambao wakati huo ulikuwa na watu 50,000 hivi. Zaidi ya 2,000 kati ya waliokufa walikuwa wafanyakazi wa zile kambi za migodi, waliokuwa wakilala wamebanana.

SISTA HENRIETTA

Msidhani mji mzima ulikuwa wa wenye mioyo ya mawe. Nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Cyprian, la Kianglikana, kuna sanamu ya mwanamke aliyevaa vazi la utawa. Huyo ni Sista Henrietta Stockdale. Muuguzi yeyote akifika Kimberley asiondoke bila kumwona.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1847. Mwaka 1874 alikuja Afrika Kusini na masista wa Kianglikana. Katika hospitali ya Carnarvon, ambayo ndiyo mwanzo wa hospitali kuu ya Kimberley, alikuta vumbi, homa, majeruhi wa migodi, na watu wa kuwahudumia ambao hawakufundishwa kazi. Wakati huo watu wengi waliona uuguzi ni kazi ya yeyote aliyekosa kazi nyingine. Yeye akasema hapana, uuguzi unafundishwa. Akaanza kuwafundisha wasichana usafi, utunzaji wa vidonda, kumwangalia mgonjwa na kuandika hali yake. Wanafunzi wake wakaenda kuanzisha kazi kama hiyo katika hospitali nyingine nyingi za kusini.

Lakini hakuishia wodini. Alipigania sheria ya kuwatambua wauguzi na wakunga waliosoma, ili mgonjwa ajue ni nani anayemshika. Mwaka 1891 sheria hiyo ikapita katika Koloni la Cape, nayo ikawa ya kwanza duniani kuweka usajili wa wauguzi chini ya serikali. Uingereza yenyewe, alikotoka, ilisubiri mpaka mwaka 1919. Kwa hiyo, mama, ukimwona muuguzi wa zahanati ya kijijini kwako amesajiliwa na ana leseni, kumbuka kwamba desturi hiyo ilianzia hapa, kwenye mji wa vumbi na almasi. Sista alifariki mwaka 1911, akiwa Kimberley.

Tusifiche na upande mwingine. Sheria ya 1891 haikumfikia upesi binti wa Kiafrika. Ilipita miaka zaidi ya 16 kabla ya Mwafrika wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo. Alikuwa Cecilia Makiwane, aliyesoma katika Hospitali ya Victoria huko Lovedale, akasajiliwa tarehe 7 Januari 1908. Likumbukeni jina la hospitali hiyo, nitalirudia.

NYUMBA MBILI ZA KUTEMBELEA

Watu wengi wakimaliza kuona almasi hupanda gari wakaondoka. Nawashauri msifanye hivyo. Ziko nyumba mbili zenye mafunzo kwa mtu mwenye ndoa.

Ya kwanza iko Mtaa wa Angel, namba 32. Ni nyumba ya kawaida, na sasa imetunzwa kama makumbusho. Hapo aliishi Sol Plaatje, mwandishi na mwanasiasa, aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, kilipoanzishwa mwaka 1912. Alilelewa katika misheni ya Pniel karibu na Barkly West, na mwaka 1894 akaja Kimberley kuwa tarishi wa posta. Ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kitswana, na riwaya yake Mhudi ilichapishwa mwaka 1930.

Mke wake aliitwa Elizabeth M'belle. Plaatje alikuwa Mtswana, Elizabeth wa jamii ya Wamfengu wanaosema Kixhosa. Ndugu wa pande zote mbili walikataa. Mnajua wenyewe maneno ya kikao cha ukoo: kwa nini usioe kwetu, huyo atatupikia nini, watoto watasema lugha gani? Wakaoana hata hivyo, mwaka 1898, na watoto wao wakakua wakisikia lugha kadhaa nyumbani. Ndoa hiyo ilidumu mpaka Plaatje alipofariki mwaka 1932. Mabinti zetu wanaoolewa kabila jingine wapelekewe habari hii.

Lakini nyumba hiyo ina majonzi pia. Yale mafua ya mwaka 1918 yaliharibu afya ya binti yao Olive. Alifariki mwaka 1921, wakati baba yake yuko Marekani akitetea haki za watu wake, na mama ndiye aliyekuwa huku na msiba. Ile riwaya ya Mhudi Plaatje aliitabaruku kwa kumbukumbu ya binti huyo. Kaburi la Plaatje liko hapohapo Kimberley, katika makaburi ya West End.

Ya pili ni nyumba ndogo iliyoko Galeshewe, mtaa mkubwa wa Waafrika. Robert Sobukwe, kiongozi wa PAC, alifungwa mwaka 1960. Muda wake ulipoisha hakuachiwa, akawekwa peke yake kisiwani Robben mpaka mwaka 1969. Hata hapo hakurudishwa kwao. Aliletwa Galeshewe, mahali asipopajua, akakatazwa kutoka usiku na kukatazwa siasa.

Watu humtaja yeye, lakini mimi nataka kumtaja mkewe, Zondeni. Huyu alikuwa muuguzi. Alisoma katika Hospitali ya Victoria ya Lovedale, ileile ya Cecilia Makiwane, na mwaka 1949 akafukuzwa kwa kuwa mstari wa mbele katika mgomo wa wauguzi wanafunzi. Ni katika mgomo huo ndipo alipokutana na Sobukwe, kijana wa Chuo cha Fort Hare. Walioana mwaka 1954, wakapata watoto wanne. Miaka yote ya kifungo yeye alibaki na watoto na kazi. Mumewe alipoletwa Kimberley, akamfuata katika mji wa watu ili nyumba iwe nyumba tena.

Kisha Sobukwe akaugua saratani ya mapafu. Mgonjwa mwenye amri ya kutotoka mjini hawezi kukimbilia kwa daktari bingwa mji mwingine mpaka apate kibali, na kibali huchelewa. Muuguzi anafahamu thamani ya wiki moja kwa mgonjwa wa namna hiyo. Sobukwe alifariki Kimberley mwezi Februari 1978, akiwa na miaka 53. Bibi Zondeni aliishi mpaka mwaka 2018. Leo ile hospitali kuu ya mji ina jina la Robert Mangaliso Sobukwe, na chuo cha uuguzi kina jina la Henrietta Stockdale.

NJE YA MJI

Mwenye siku ya ziada asikose kutoka nje ya mji.

Kiasi cha kilomita 30 kusini uko uwanja wa vita wa Magersfontein. Hapo tarehe 11 Desemba 1899 Makaburu waliojificha kwenye mahandaki waliwashinda vibaya Waingereza waliokuwa wakienda kuukomboa mji. Kimberley ilizingirwa siku 124, hadi tarehe 15 Februari 1900. Mizinga ilipozidi, maelfu ya wanawake na watoto walishushwa kwenye mashimo ya migodi ili wasalimike. Chakula kilikuwa cha kupimiwa, nyama ikawa ya farasi, na maziwa yakawa haba. Walioumia zaidi ni watoto wachanga, pamoja na wafanyakazi wa kambi za migodi, waliopatwa na kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda. Ukienda, panda kilimani taratibu, kuna upepo mzuri na ukimya.

Upande wa Barkly West, kama kilomita 15 kutoka mjini, pako Wildebeest Kuil. Ni kilima cha mawe yaliyochorwa kwa kuchongwa na watu wa kale, mababu wa Wakhoe na Wasan. Utaona tembo, swala na wanyama wengine, zaidi ya mia kadhaa. Ardhi hiyo ni ya Wasan wa makundi ya !Xun na Khwe, ambao asili yao ni Angola na Namibia. Ulizieni mjini kwanza kama pamefunguliwa, msiende kukuta lango limefungwa.

Kaskazini kidogo ya mji kuna bwawa la Kamfers, lenye heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi. Ni ndugu wa heroe wetu wa Ziwa Natron. Katika Afrika nzima heroe wadogo huzalia mahali pachache sana, na Natron na Kamfers ni miongoni mwake.  Mwanzoni mwa mwaka 2019 maji ya bwawa yalikauka, wazazi wakaruka wakaacha vifaranga, na watu wakajitolea kuokota takriban 2,000 na kuwalisha kwa mkono. Kila mama aliyewahi kunywesha mtoto mgonjwa kwa kijiko ataelewa kazi hiyo.

Wapendao wanyama waende Mokala, hifadhi ya taifa iliyofunguliwa mwaka 2007, kama kilomita 80 kusini-magharibi. Kuna faru, nyati na swala wa aina nyingi. Jina hilo kwa Kitswana ni la mti wa miiba uliojaa huko.

USHAURI WA MUUGUZI KWA MSAFIRI

Kwanza, majira. Juni na Julai ni baridi kali, usiku maji yanaweza kuganda. Chukueni sweta nzito na soksi. Desemba na Januari jua ni kali mno. Nzuri zaidi ni Aprili na Mei, au Septemba.

Pili, mapema kabla ya safari ulizieni masharti ya kuingia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mkisafiri na mtoto bila baba yake, ulizieni pia hati zinazotakiwa, kama cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa.

Tatu, mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za kutosha kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini ya basi. Kila saa mbili basi linaposimama, shuka, nyosha miguu. Kunywa maji hata kama huna kiu, maana hewa ni kavu na midomo hupasuka. Wajawazito wawaone wakunga wao kabla ya kukata tiketi.

Nne, tembeeni kwa kikundi, msitembee usiku kwa miguu, na Galeshewe nendeni na mwenyeji. Gawaneni gharama ya gari, na vyakula nunueni dukani mjipikie. Sisi sita tulipika ugali wa mahindi meupe, ule wanaouita papa, kwa samaki wa kopo, na tulishiba.

YA KURUDI NAYO NYUMBANI

Wenzangu, almasi hatukununua. Lakini ile habari ya ndui nimerudi nayo, na nataka niwaachie.

Tusiwalaumu tu madaktari wale wa 1883. Jambo walilofanya linafanyika hata majumbani mwetu. Baba anakohoa mwezi wa pili sasa, amepungua, usiku shuka inalowa jasho, naye anasema ni vumbi la kazini. Mke anajua, lakini akisema kifua kikuu, kazi itasimama, majirani watasema, wageni wataacha kuja. Basi ugonjwa unapewa jina jingine: uchovu, baridi, mkono wa mtu. Na mtoto mchanga analala chumba hichohicho. Tumefanya hivyohivyo na UKIMWI, na ndugu zetu wengi wamezikwa kwa majina ya magonjwa ambayo hawakuugua.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kupimwa makohozi, hasa kwa aliyefanya kazi mgodini. Kifua kikuu kinatibika. Dawa ni za bure katika vituo vya serikali, na ikitumiwa yote bila kukatisha mtu hupona. Anayeishi na virusi vya UKIMWI akianza dawa mapema na kuzifuata huishi na kulea wajukuu. Watoto chini ya miaka mitano wanaolala nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu nao wapelekwe kuangaliwa, hata kama wanacheza vizuri.

Mama, huna haja ya kuwa Sista Henrietta wala kuandikiwa sanamu. Anza na kusema neno lenyewe, kwa upole, jioni watoto wakishalala: "Baba Fulani, kikohozi hiki tukakipime kesho. Nitakusindikiza." Akikataa leo, rudia kesho. Watu 700 wa Kimberley walikufa kwa sababu waliojua hawakusema kwa wakati.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye kabati letu la dawa tuongee juu ya vyakula vya mtoto anayeanza kula. Mbaki salama.